Kuongeza partisheni si kuipanua

Msomaji anayesimamia seva za Linux anauliza: diski ikitoka GB 20 ikawa GB 40, partisheni yake, yaani kipande cha diski kilichotengwa, tunaiongeza, tunairefusha au tunaipanua?

Tunaipanua. Kitenzi kimetokana na -pana, na ndicho tunachotumia kwa barabara na biashara. Kurefusha nakuvumilia, ingawa kinachorefushwa ni kamba.

Ninachokataa kabisa ni "kuongeza partisheni", na nakisikia kila siku kwa watu wanaoijua kazi yao. Mwambie mwashi, "Fundi, niongezee chumba." Atapima uwanja, atachimba msingi, atakujengea chumba kingine. Mwambie, "Nipanulie chumba." Atabomoa ukuta na kuusogeza mbele, vyumba vitabaki vitatu vile vile, ila kimoja sasa kitanda na kabati vinaenea. Hakuna mwashi anayechanganya maneno hayo, maana ukuta ukishaanguka umeanguka. Na afadhali chumba, wingi wake unausikia: vyumba. Partisheni moja ni partisheni, kumi ni partisheni. Anayeambiwa aongeze atajuaje kama unataka nyingine?

Niliwahi kumwagiza kijana kwa maneno hayo hayo. Akaniletea partisheni mpya, sda3, tupu, ya GB 20, huku ile ya zamani ikisoma asilimia 100 na hifadhidata imegoma kuandika. Alikuwa ametenda nilichosema.

Kwenye LVM, mfumo wa Linux wa kuunganisha diski na kugawa nafasi yake, kazi zote mbili zipo. Diski mpya unaiongeza kwenye kundi la diski kwa amri ya vgextend. Volyumu, yaani sehemu iliyokatwa kwenye kundi hilo, unaipanua kwa lvextend. Kiingereza kimezipa kazi hizo kitenzi kimoja. Sisi tunavyo viwili, halafu tunakitupa kimoja! Hata kwenye kipimo, lvextend -L +20G ni kupanua kwa GB 20, na -L 20G ni kupanua hadi GB 20. Anayeacha "kwa" na "hadi" ameacha ile alama ya kujumlisha. Kisha upanue na mfumo wa mafaili, resize2fs kwa ext4 au xfs_growfs kwa XFS, la sivyo df, amri ya kuangalia nafasi, itakuonyesha ukubwa ule ule wa jana.

Kama kuongeza umekipenda mno, kitie kauli ya kutendea: "iongezee partisheni nafasi." Hapo kinachoongezwa ni nafasi, partisheni inapokea, na mimi sina ugomvi nawe.