Maswali Yenu: Shimo Jeusi Linanenepa Vipi Hivyo?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimeiona ile picha ya shimo jeusi, lile duara la rangi ya chungwa, wakasema lina uzito wa Jua mara mabilioni. Sasa nyota ikifa si inaacha kishimo kidogo tu? Hilo limekua vipi? Na hili la kwetu halitatumeza siku moja? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho maana najua ndo linalokunyima usingizi. Halitumezi. La kwetu, lililo katikati ya galaksi yetu (lile kundi kubwa la nyota ambalo Jua ni mojawapo), linaitwa Sagittarius A*, lina uzito wa Jua kama mara milioni 4 na liko miaka ya nuru kama 26,000 kutoka hapa, yaani mwanga wake unachukua miaka yote hiyo kutufikia. Usiku wa Julai usio na mbalamwezi liko huko karibu na utosi wako hapo Morogoro, pale Njia ya Maziwa ilipotuna, ila kuliona kwa macho sahau. Tena halinyonyi vitu hovyo kama kwenye sinema, kuna nyota inaitwa S2 inalizunguka kila miaka 16 hivi, inapita karibu kabisa halafu inaondoka zake, na kwa kufuatilia nyota za hivyo ndo Andrea Ghez na Reinhard Genzel wakapata Nobel 2020.

Picha uliyoiona ni ya M87*, shimo la katikati ya galaksi nyingine iitwayo M87, ilitolewa Aprili 2019, hilo ni Jua mara bilioni 6.5. Haya, linakuaje? Galaksi zikigongana mashimo yao yanaweza kuungana, sawa, lakini sehemu kubwa ya unene ni gesi. Na gesi haidondoki moja kwa moja, inakuja inazunguka, inabanana na kusuguana kama abiria wa jioni mlangoni mwa daladala, mpaka inapata joto la ajabu na kuwaka. Yaani shimo lenyewe jeusi ila likianza kula linaweza kuzidi mwanga wa galaksi yake nzima! Hizo ndo kwasari, na Maarten Schmidt mwaka 1963 aligundua kwamba 3C 273, iliyokuwa inaonekana kama kinyota tu, iko miaka ya nuru zaidi ya bilioni 2.

Sasa mwanga huohuo unaisukuma gesi irudi nyuma. Ukila kwa pupa mwanga unazidi, chakula kinakimbia, kwa hiyo kuna kikomo cha kasi ya kula. Kwa hesabu ya kawaida, shimo linalokula mpaka kikomo hicho bila kupumzika linahitaji kama miaka milioni 35 kuongezeka uzito mara mbili. Chukua shimo lenye uzito wa Jua mara mia, lililoachwa na nyota za mwanzo kabisa, lizidishe mbili, mbili, mbili... kufika bilioni 1.6 unazidisha kama mara 24, hiyo ni miaka milioni 840. Shida ni kwamba kuna kwasari inaitwa J0313-1806, ina hizo bilioni 1.6, na tunaiona ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na miaka milioni 670 tu. Muda hautoshi hata kama lilikula usiku na mchana!

Kwa hiyo ama yalikula kupita kikomo, ama yalizaliwa tayari makubwa, wingu zima la gesi likaporomoka na kuwa shimo lenye uzito wa Jua mara elfu kumi au laki moja bila kupitia nyota za kawaida. Mimi naegemea hilo la pili, hasa baada ya matokeo ya mwaka 2023 kuhusu UHZ1, galaksi ya zamani sana, maana pale shimo linakadiriwa kulingana uzito na nyota zote za galaksi yake, wakati kwa galaksi za karibu nasi shimo huwa ni kama sehemu moja tu kwa elfu ya uzito wa ule uvimbe wa nyota ulio katikati ya galaksi. Ila wataalamu bado wanabishana.

Ulaji ulikuwa kileleni kama miaka bilioni 10 iliyopita, gesi ikiwa tele. Siku hizi mengi yana njaa, mengine yenyewe ndo yamepuliza gesi yao nje. Hata la kwetu sasa hivi linadokoa tu. Kuhusu hayo yanayoungana, shirika la anga la Ulaya limeshapitisha mradi wa LISA, vyombo vitatu vitakavyorushwa miaka ya 2030 kunasa mitetemo ya mvutano mashimo makubwa yakigongana, hata ya zamani sana, na hapo tutajua yalianza na uzito gani.