Jibu: Wakaazi wa ngazi moja kwenye maghorofa ya Michenzani, Unguja, tuchangie jenereta?

Waalaykum salaam dada. Jenereta si wazo baya, lakini mimi ningeanza na maji. Umeme ukikatika pampu inasimama, na anayeumia ni wa ghorofa ya juu anayepanda na ndoo. Changieni tangi, mlijaze kila umeme ukiwepo. Muulizeni fundi kwanza kama dari itabeba, maana lita 1,000 za maji ni tani nzima. Na mkubaliane mapema nani anashika ufunguo; ugomvi huanzia hapo, si kwenye pesa.

Jenereta mkinunua, isikae chini ya ngazi hata kama mnaogopa wezi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inaua watu usingizini. Iwe nje, mbali na madirisha, na fundi afunge swichi ya kubadilishia ili umeme wenu usirudi kwenye nyaya za mtaa ukamuua mtu aliye juu ya nguzo.

Friji lisifunguliwe ovyo, litahimili kwa muda wa saa nne hivi. Ngazini taa za sola zinatosha.

Ila msipange kwa usiku mmoja tu. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa baharini, na kuanzia Desemba 2009 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu hivi.