Je, damu ina "uchochezi"?

Swali: Katika makala moja ya afya nimekuta sentensi hii: "Damu ya wagonjwa wa sonona imeonyesha dalili za uchochezi." Uchochezi ninaoujua mimi ni ule wa mahakamani. Je, mwandishi yuko sahihi?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Hayuko sahihi, na amekosea mara mbili.

Uchochezi hutokana na chochea. Tunachochea moto, tunachochea watu wagombane. Kinachozungumzwa hapa ni mwili kujihami: ukiumia au ukiingiwa na vijidudu, mahali pale hubadilika rangi, hupata joto, huvimba na kuuma. Lugha za Ulaya huiita hali hiyo kwa neno lenye asili ya moto. Mfasiri ameufuata moto huo akaangukia kwenye uchochezi. Wengine huandika "uvimbe". Kwa kidole kilichochomwa na mwiba linafaa, lakini "uvimbe katika damu" humfanya msomaji afikirie saratani. Tena kwenye sonona hakuna kinachovimba: kinachopanda ni kemikali za kinga kama interlukini-6, pamoja na CRP, protini inayotengenezwa na ini. Mimi huandika inflamesheni, na mara ya kwanza huifafanua.

Kosa la pili ndilo linaloniumiza. Dalili ni kile anachokihisi mgonjwa au wanachokiona jamaa zake: usingizi kumpaa, kukosa hamu ya chakula, kujiona hafai. CRP haihisiwi, hupimwa maabara. Hicho ni kiashiria. Ukisema kiashirio hujakosea pia, kwani pima huzaa kipimo na funika huzaa kifuniko, ila kiashiria ndilo lililoenea. Ukiita dalili, msomaji ataelewa kwamba asiye nayo hana sonona. Kumbe CRP huvuka miligramu 3 kwa lita kwa takriban robo tu ya wagonjwa, na unene, sigara au maambukizi ya kawaida nayo huipandisha. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sonona. Daktari hutegemea mazungumzo na mgonjwa. Aliyeambiwa damu yake ni safi bado anaweza kuwa anaumwa, na anastahili matibabu.

Ningeandika hivi: "Baadhi ya watu wenye sonona huwa na viashiria vya inflamesheni katika damu kwa kiwango kinachozidi kawaida." Neno "baadhi" lisiachwe hata kichwa cha habari kikibana.