Kitabu cha picha katika kipindi cha unasihi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na mwaka huu nimekabidhiwa pia kazi ya unasihi, yaani kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi wenye shida, shuleni kwetu. Huwasomea wanafunzi hadithi zenye picha kuhusu ugomvi, uonevu na kufiwa, lakini nikiuliza hadithi inatufundisha nini, watoto wote 70 huitikia, "Tusigombane, mwalimu!", na wakitoka nje wanagombana vilevile. Tena nina nakala moja tu ya kila kitabu. Ninakosea wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kosa limo ndani ya swali lenyewe unalowauliza. "Hadithi hii inatufundisha nini?" ni swali la ufahamu, tumelelewa nalo sote, na mtoto wa miaka minane analijua jibu linalotakiwa hata kabla hujafunga kitabu. Katika unasihi hatutafuti funzo. Tunatumia kitabu kwa sababu kinampa mtoto nafasi ya kuzungumzia shida yake kupitia shida ya mwingine. Caroline Shrodes, aliyeandika tasnifu yake kuhusu tiba kwa vitabu nchini Marekani mwaka 1949, alieleza kwamba msomaji kwanza hujiona ndani ya mhusika, kisha hisia zake hufunguka, na ndipo huyatambua mambo yake mwenyewe. Swali lako linamrusha mtoto hadi hatua ya tatu ilhali hajaigusa ya kwanza.

Anza na picha, tena picha moja. Tuseme ukurasa unamwonyesha mvulana ameegemea mti huku wenzake wakicheza chandimu. Funika maandishi kwa karatasi, kisha uliza: mikono yake iko wapi? Anamtazama nani? Wa kwanza atakujibu kwamba amekasirika, kwa kuwa hilo ndilo neno lililo karibu. Usilikatae, ila uliza nani anaona jambo jingine, na usubiri. Mmoja atasema amenuna, mwingine ameona haya, na pengine yule asiyenyoosha mkono kamwe atasema kwamba anangoja aitwe. Aliyekasirika anataka kupiga, aliyenuna anataka abembelezwe, na aliyeona haya anataka asitazamwe kabisa; mtoto anayeweza kuzitofautisha hali hizo amepata cha kusema kabla ya kurusha ngumi. Kipindi cha dakika 30 kikiisha mkiwa bado kwenye ukurasa huo, hamjapoteza kitu.

Mkiendelea, fungeni kitabu kabla ya ukurasa wa suluhisho, kisha watoto wawili wawili waigize mvulana huyo atakavyowaendea wenzake na kile watakachomjibu. Ndipo mfungue muone mwandishi alichoamua. Mara nyingi watoto wanamshinda.

Hadithi za wanyama zinafaa, lakini zichague kwa uangalifu. Sungura wetu hushinda kwa hila, na darasa zima humshangilia, hivyo ukimleta kufundisha uaminifu atakuangusha. Mimi humtumia Fisi: aliyechekwa na kijiji kizima anajisikiaje usiku akiwa peke yake?

Kuhusu nakala moja, watoto 70 hawawezi kuiona, na kuizungusha juu juu huzaa kelele tu. Ligawe darasa katika makundi matatu. Moja likae mkekani mbele yako na mengine yachore, kisha mbadilishane, hata kama itachukua vipindi vitatu. Vinginevyo, mwombe mwenye kipaji cha kuchora akukuzie picha mbili tatu kwenye karatasi ya manila. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za picha za Kiswahili zenye leseni huria, ambazo unaruhusiwa kuzichapa na hata kurekebisha maneno yake yaendane na darasa lako.

Vitabu vya kufiwa vinataka maandalizi zaidi. Kisome peke yako hadi mwisho, jua ni mtoto gani amefiwa karibuni, zungumza na mlezi wake, na umweleze mtoto mwenyewe mapema hadithi itahusu nini, ili achague kukaa nanyi au kumsaidia mwalimu mwingine kazi fulani. Akilia darasani, usimwambie anyamaze wala usimgeuze kuwa mfano.

Lipo jambo moja ambalo hukuuliza, lakini litakupata. Siku moja, katikati ya picha ya baba aliyefoka, mtoto atasema, "Hata baba yangu hufoka hivyo, halafu hupiga." Usimhoji mbele ya wenzake. Mshukuru, mwambie kwamba mtaongea baada ya kipindi, na uwarudishe wote kwa mhusika wa kitabuni. Baadaye kaa naye mahali panapoonekana ila pasiposikika, msikilize bila kumtilia maneno kinywani, na usimwahidi siri, kwa sababu ukisikia kwamba anaumizwa utalazimika kumjulisha mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii, au kupiga 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto inayotumika Tanzania na Kenya. Mweleze hilo mwanzoni, kwa maneno mepesi, kabla hajaanza kusimulia.