Vifo vya Majimaji jukwaani ni dhima ya nani?

SWALI: Kamwene, Mhariri. Kikundi chetu cha sanaa hapa Iringa mjini kinafanya mazoezi ya Kinjeketile, tamthilia inayohusu Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, na tumegawanyika. Wapo wanaosema kwamba vifo vyote ni dhima ya Kinjeketile, kwa kuwa ndiye aliyewagawia watu maji yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi. Wengine wanasema kila mhusika ana fungu lake. Je, tukisema wote wana hatia, hatutakuwa tumemwachia huru kila mmoja?
Msomaji, Mtwivila, Iringa

JIBU: Kamwene, ndugu yangu. Hofu yako ina msingi, ila inadhani kwamba dhima ikiwa ya wengi ni lazima igawanywe mafungu sawa, jambo ambalo Ebrahim Hussein, aliyechapisha tamthilia hiyo mwaka 1969, hakulifanya.

Mwangalieni Kinjeketile mwenyewe. Anapowapa watu maji anaamini, na kwa maoni yangu hatia yake haianzii hapo. Inaanzia pale anapotambua kwamba unabii uliotoka kinywani mwake unawaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, yaani kumwondoa bwana mmoja na kumpokea mwingine, akaingiwa na shaka wakati imani ya watu imekwisha kumzidi nguvu. Anawataka wasubiri na wajiandae. Nao wanaanza vita bila idhini yake. Wapiganaji hao ndio ninaowalaumu kuliko wanavyolaumiwa kwa kawaida, kwa sababu anayewaambia wasubiri ni yule yule waliyeyaamini maji yake: walichukua lile neno walilolipenda, wakaliacha lililowachelewesha. Na Kinjeketile anapokataa, akiwa mfungwa, kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuchelea Mjerumani asije akawaambia watoto wao kuwa kumpinga kulikuwa kosa, mwigizaji wenu asicheze ukaidi. Hapo anabeba dhima yake.

Katika mabishano yenu, kama ulivyoyaeleza, simwoni Mjerumani, na huo ndio upungufu mkubwa. Ni yeye aliyewalazimisha watu kulima pamba kwa viboko. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Huyo wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, na wengi waliokufa walikufa baada yake, tena kwa njaa, kwa kuwa jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria vifo kufikia 250,000 au zaidi. Kumtwisha mgawa maji mzigo huo wote ni kumfutia hatia aliyewasha moto.

Lipo pia fungu la huku kwetu, ambalo tamthilia hailigusi na wala sishauri mliongeze. Mwezi Septemba 1905 Wabena wa Njombe walishambulia misheni ya Yakobi, lakini Wahehe, miaka saba tu baada ya kifo cha Mkwawa, mtawala wao aliyepigana na Wajerumani, kwa sehemu kubwa hawakujiunga, na baadhi yao walipigana upande wa Wajerumani. Walikuwa wametoka kushindwa vita virefu, kwa hiyo siwahukumu kwa wepesi. Hata hivyo, mkiwa na mjadala na watazamaji wa Iringa baada ya onyesho, waulizeni kwanza kuhusu hilo, ndipo mje kwa Kinjeketile.