Uliza Tujibu: Sangara na kuni vinahusianaje?

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia kwenye kusoma na kuandika habari za maelezo, hasa ile ishu ya chanzo na matokeo, na sijui imekuwaje ila Ziwa Victoria limetawala. Twende.

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu yuko darasa la sita, kusoma anasoma vizuri na hadithi anazipenda sana, shida ni akipewa habari ya kueleza mambo. Ukimuuliza chanzo cha hiki ni nini anakujibu chochote kilichotajwa karibu. Juzi walisoma habari ya sangara, swali likauliza kwa nini miti ya kandokando ya ziwa ilipungua, yeye kaandika "ili kuongeza samaki". Nimsaidieje? *Mzazi, Mwanza*

JIBU: Mzazi mwenzangu, kwanza usimgombeze, hilo jibu lina akili ndani yake. Kwa wasioijua, habari hiyo iko hivi: kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara waliletwa Ziwa Victoria, ambako hawakuwepo, ili ziwa liwe na samaki wakubwa wa kuvua. Wakakaa miaka mingi bila kishindo, afu miaka ya 1980 wakafumuka. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, wakaliwa, aina nyingi zikapotea. Sasa furu ulikuwa unamwanika juani anakauka, basi. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi, jua halimwezi, ukitaka akae lazima umkaushe kwa moshi, na moshi unataka kuni. Kuni zikakatwa.

Mtoto wako ameona vizuri kwamba mambo yote yanaanzia kwa sangara kuletwa. Alipoteleza ni kwamba "ili kuongeza samaki" ni lengo. Lengo ni kitu kilichokuwa kichwani mwa mtu kabla ya kufanya jambo, matokeo ni kile kilichotokea kweli, na hivo viwili mara nyingi haviongei kabisa, hakuna aliyeleta sangara ili furu waishe wala ili miti ikatwe. Kwa hiyo akikutana na "ili" mwambie asimame kidogo ajiulize, hapa naambiwa mtu alitaka nini au naambiwa nini kilitokea? Hilo tu litamwokoa kwenye maswali mengi.

La pili, na kwangu mi ndo kubwa, mfundishe kuuliza "kivipi?". Chukua mwanzo na mwisho: sangara waliletwa, miti ikapungua. Haya, kivipi? Samaki hali miti. Hapo mtoto analazimika kurudi kwenye habari kutafuta vya katikati: furu wakaisha, watu wakabaki na sangara, sangara hakaushwi kwa jua, moshi, kuni. Mchoree mishale kwenye karatasi, kila mshale aueleze kwa mdomo wake. Mshale asioweza kuueleza ujue hapo hajaelewa, hata kama jibu kalipata. Na nyie mko Mwanza bwana, mpeleke mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akaone wanavyokaushwa, ni bora kuliko kitabu cha mazoezi.

Ila msimzoeshe kwamba kila kitu kina mshale mmoja. Furu hawakumalizwa na sangara peke yake. Mbolea ya mashambani na maji machafu ya miji vilikuwa vinaingia ziwani, vikalisha mwani, mwani ukazidi, maji yakawa mazito hayapitishi mwanga na chini hewa ikapungua. Kuna kitu hapo mi hunifurahisha na kunisikitisha kwa wakati mmoja: furu majike huchagua dume kwa rangi, sasa maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, aina zilizokuwa tofauti zikaanza kuzaliana aina hii na ile mpaka zikachanganyika. Yaani aina inapotea na hakuna aliyeliwa! Ukisoma habari inayosema "sangara alimaliza furu" ikaishia hapo, haijadanganya, ila imekupa nusu.

Na upande wa pili pia, chanzo kimoja kinazaa mengi. Huyohuyo sangara ndo kaleta viwanda vya minofu, ajira, fedha za kigeni kutoka Ulaya, na mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishaenda. Swali likisema "taja matokeo" kwa wingi, mtoto asiishie kwenye ubaya tu kwa vile habari ina sauti ya huzuni.

SWALI: Hujambo mhariri. Mimi huwapa wanafunzi orodha ya viunganishi, kwa sababu, kwa hivyo, kutokana na, ndiposa, wavipigie mstari kwenye kifungu. Wanavipata vyote lakini maswali ya ufahamu bado yanawashinda. Orodha ina shida gani? *Mwalimu wa gredi ya tano, Kisumu*

JIBU: Sijambo mwalimu. Orodha haina shida, shida ni kwamba Kiswahili kinaficha chanzo sehemu nyingi tu ambazo haziko kwenye orodha. Rudi juu pale: "Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi, jua halimwezi." Kiunganishi kiko wapi? Hakuna, na ni sababu tupu. "Kuni zikakatwa" nayo ni kile kiambishi -ka- tu, inakuambia hiki kikafuata kile, kwamba kimesababishwa na kile ni kazi yako msomaji. Tena -ka- hiyohiyo hutumika pasipo na sababu yoyote, "nikaamka, nikanywa chai, simu ikalia", chai haijaita simu.

Kwa hiyo jaribu kuwapa kifungu ambacho umekitoa viunganishi vyote wavirudishe wao, na kila wanachorudisha wajitetee. Watabishana, waache wabishane, ndo somo lenyewe. Kingine, wape sentensi iliyoanza na matokeo: "Aina nyingi za furu zilipotea kwa sababu sangara waliwala." Wanafunzi wengi huchukulia kilichotajwa kwanza ndo kilitokea kwanza, na sentensi za namna hii ndo zinawaangusha, sio ugumu wa maneno. Waandike namba ya kilichotangulia kutokea, 1, kisha 2, halafu ndo waende kwenye maswali.

SWALI: Nimeandika ripoti ya magugu maji, nikasema wadudu walioachiliwa ziwani ndio walioyamaliza mwishoni mwa miaka ya 1990. Msimamizi kaandika pembeni "una uhakika?" na alama ya kuuliza kubwa. Tarehe zangu ziko sawa, tatizo nini? *Mwanafunzi wa chuo, Bukoba*

JIBU: Tarehe ziko sawa ndugu yangu, na tatizo ni hilohilo, umezitegemea zikufanyie kazi yote. Wadudu waliachiliwa kweli, wale jamii ya fukusi wanaotokea Amerika ya Kusini kama magugu yenyewe, katikati ya miaka ya 1990, na mwishoni mwa muongo huo magugu yakapungua sana. Lakini katikati hapo kuna nini? Mvua za El Niño za 1997 na 1998! Maji yalipanda, upepo na mawimbi vikayapasua yale mazulia ya magugu, mawingu yakapunguza jua. Wataalamu wamebishana sana, wapo wanaosema wadudu, wapo wanaosema hali ya hewa, wapo wanaosema wadudu waliyadhoofisha kwanza ndo mawimbi yakapata pa kuanzia. Mi binafsi hili la mwisho ndo linaniingia akilini zaidi, mmea uliotafunwa hauelei vizuri, ila hiyo ni mi.

Kwenye ripoti yako usiseme "walimaliza", kwanza hayajaisha, yalirudi na mpaka leo yanarudi. Andika kwamba yalipungua baada ya wadudu kuachiliwa, afu eleza wadudu wanafanyaje kazi, wanatafuna majani, mabuu yanatoboa mashina maji yanaingia, kisha taja El Niño kama maelezo mengine, na useme unaegemea wapi na kwa nini. Msimamizi hatakuwa na pa kuweka alama yake ya kuuliza.

SWALI: Nikiandika makala nianze na chanzo au matokeo? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Inategemea msomaji wako anajua nini tayari. Kama matokeo anayaona kila siku, mfano bei ya samaki imepanda, anza nayo maana ndo yanamuuma, afu mrudishe nyuma taratibu. Kama ni jambo ambalo halijamfikia bado, anza na chanzo umtembeze mpaka mlangoni kwake. Kibaya ni kuchanganya, aya moja unakwenda mbele inayofuata unarudi nyuma, msomaji anachoka anafunga gazeti.

Barua za mwezi ujao ziwe fupi kidogo jamani, kuna mmoja kaandika kurasa sita na swali lenyewe sijaliona.