Prado 120 na tairi kubwa kwa njia za Dodoma: 265/70 au 285/70?

Mkuu, umeuliza kama Prado yako ya 120, yenye 265/65R17 za kiwandani, inaweza kuvaa 285/70R17 na rimu za ofseti sifuri (ofseti ni umbali wa uso wa kufungia rimu kutoka katikati ya upana wake; ikipungua, tairi linatoka nje zaidi) bila kuinuliwa, kwa sababu kila msimu wa mvua unakwama njia ya shamba upande wa Farkwa. Kuingia zitaingia. Ukikata kona hadi mwisho ndipo shida itaanza. Halafu kinachokukwamisha huko sidhani kama ni udogo wa tairi.

Tuanze na hesabu. Kwenye 265/65R17, 265 ni upana kwa milimita. Ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani 172. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432, unapata kimo cha 776. Ukifanya hivyo hivyo, 265/70R17 ni 803 na 285/70R17 ni 831. Gari linapanda nusu tu ya tofauti hiyo, maana nusu nyingine inabaki juu ya ekseli. Kwa hiyo 265/70 inakuinulia difu milimita 13, na 285/70 milimita 27. Haya yote ninayoeleza hapa chini ni gharama ya hizo 27.

Sehemu mbili zinagusa: pembe ya bampa pamoja na plastiki ya ndani ya madigadi kwa mbele, na mauntingi ya bodi, kile chuma kilicho nyuma ya tairi la mbele. Hiyo ya pili ndiyo mbaya, hasa ukirudi nyuma huku usukani umekatwa hadi mwisho. Plastiki unaweza kuichonga kwa kisu. Mauntingi inakatwa kwa grainda, inachomelewa bamba jipya, inapakwa rangi ya kuzuia kutu, na betri inakatwa waya kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea. Kuinua gari kwa inchi 2 kunasaidia, ila hakumalizi kazi. Gari likiangukia shimo springi hubonyea vilevile, na tairi linarudi palepale.

Kabla ya kununua seti nzima, omba kufunga tairi moja tu mbele. Paka chaki kwenye plastiki na mauntingi, kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho, mbele na nyuma. Kisha pandisha gurudumu hilo juu ya jiwe kubwa au kingo ya mtaro ili springi ibonyee, urudie. Chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Na nafasi ya vidole viwili ambayo mafundi wengi wanaridhika nayo haitoshi huku kwetu. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi, ukilowa unajazana kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Kadiri tairi linavyokuwa kubwa ndivyo nafasi hiyo inavyopungua. Watu wanasahau hili kabisa.

Sasa rimu. Ya kiwandani ni upana wa inchi 7.5, ofseti +30, tundu 6 za nati kwenye duara la milimita 139.7, tundu la kati milimita 106.1. Ukiweka ya inchi 8 ofseti 0, ukingo wa nje unasogea karibu milimita 36 nje. Kwa macho inapendeza. Lakini tairi likikata kona linachora duara pana zaidi, kwa hiyo linagonga bampa na mauntingi mapema kuliko rimu ya kiwandani. Beringi za magurudumu na tairodi zinabeba mzigo zaidi, usukani unavutwa kila unapokanyaga jiwe, na changarawe yote inapiga milango yako. Kwa 265/70 baki na rimu yako, fedha uielekeze kwenye tairi. Kwa 285, inchi 8 yenye ofseti kati ya +15 na +25 inatosha. Lengo ni kulitenga tairi na amu ya juu ya sasipensheni, basi.

Ukibadilisha rimu badilisha na nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota zinatumia nati yenye washa bapa, wakati za dukani nyingi zinataka nati ya koni. Ukichanganya, nati inakaza leo, kesho inalegea, na stadi, ile bolti inayoshika gurudumu, inakatika. Uzi ni M12 kwa 1.5, nguvu ya kukaza ni Nm 112. Kama huna spana ya kupimia, nguvu hiyo ni sawa na uzito wa kilo 28 hivi ukining'inia kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 40. Fundi wa kilo 70 akisimama juu ya spana hiyo amepitisha mara mbili na zaidi. Kaza kwa kuruka, nati moja kisha ya upande wa pili, na urudie kukaza baada ya kilomita 80 hadi 100.

Mwendo nao unabadilika. Kwa 285/70 kimo kimeongezeka asilimia 7, kwa hiyo mshale ukisoma 50 gari linakwenda zaidi ya ulivyozoea, takriban 53 kama spidomita yako ilikuwa sahihi. Tochi pale Kibaigwa haitajali maelezo yako. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo, basi linganisha na GPS ya simu upate tofauti halisi. Kilomita za sevisi nazo zinadanganya: 5,000 za dashibodi ni kama 5,350. Difu yenye uwiano wa 4.1 itakuwa kama ya 3.83, ndiyo maana gari linakuwa zito vilima vya Kibakwe, na breki zinafanya kazi zaidi wakati wa kushuka.

Sasa nirudi kwenye kukwama. Njia za shamba zina mambo matatu: miiba ya migunga, mchanga wa makorongo, na mbuga. Miiba inataka ubavu mgumu, na pancha ya ubavuni haizibiki ya kuaminika. Tafuta AT (tairi la njia zote) yenye herufi LT, yaani la gari la mizigo midogo, mbele ya saizi na daraja E, yaani plai 10. LT265/70R17 ya namna hiyo huandikwa 121/118, namba za uwezo wa kubeba mzigo. Gari litakuwa gumu kidogo na abiria wa nyuma watakwambia. Tairi la LT linahitaji upepo zaidi kubeba mzigo uleule, kwa hiyo kwenye lami ongeza psi 5 hadi 7 juu ya kiwango cha kibandiko cha mlango. Usiache kusoma tarakimu 4 za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mchanga unataka upepo mdogo. Kwenye korongo shusha hadi psi 16 au 18, tairi linarefuka chini na gari linaelea. Usishuke chini ya 15, litachomoka kwenye rimu ukikata kona. Jaza upya kabla ya lami, la sivyo linachemka na kupasuka. Kompresa ya betri ni muhimu kuliko hizo milimita 27. (Na korongo linaweza kujaa wakati kwako hakuna hata wingu, mvua imenyesha juu. Shuka uangalie kwanza.)

Kwenye mbuga AT yoyote hujaa tope ikawa kama mpira laini. MT (tairi la matope) inajisafisha, ila ina kelele na inaisha haraka kwenye lami. Kama njia yako ya mbuga ni kilomita chache kwa mwaka, bora usubiri siku moja ikauke.

Kwa hiyo kwako ningefunga LT265/70R17 tano. Tano, maana Prado 120 inavuta magurudumu yote muda wote, na spea yenye kimo tofauti inaichosha difu ya kati. Spea ya 285 ya plai 10 ikining'inia mlango wa nyuma inalegeza bawaba. Ipime kwenye mizani ya magunia utaelewa. Fanya balansi na alaimenti siku hiyohiyo, kisha badilishana nafasi za zote tano kila kilomita 8,000.